Ndoo ya Koko na Kizimba cha Plastiki

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Wakristo, tena nikiwa na gauni jipya! Kaeni niwasimulie mwenyewe kabla majirani zangu hawajawahi, maana wale wataongeza chumvi. Na kisa hiki hakihitaji chumvi hata punje.

Kwa msiojua, naishi Kimandolu, Arusha, kwenye ghorofa lenye fleti sita. Kule nyuma, karibu na geti, tuna mapipa ya pamoja ya kutenganisha taka. Pipa la chupa za kioo. Pipa la karatasi na maboksi. Pipa la maganda, ambalo mama mmoja mfugaji wa kule juu mlimani hulifuata kila asubuhi kwa ajili ya ng'ombe wake. Halafu kuna kizimba cha plastiki. Hiki si pipa, ni kichumba cha wavu wa chuma chenye paa la bati, mtu mzima anaingia na kusimama wima. Kila Jumatatu jamaa mmoja anakuja na toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, kubeba plastiki zote.

Msimamizi wa haya yote ni mimi, Dada Eli. Nilichaguliwa. (Sawa, nilijipendekeza. Lakini kura zilipigwa!)

Na nimesimamia kweli. Kuna mtu alikuwa anatupa pampasi kwenye kizimba cha plastiki, pampasi zenye mzigo wake, aisee. Nikanunua kufuli. Ufunguo nikautundika kwenye msumari mlangoni kwangu, ghorofa ya pili: unachukua, unatupa plastiki zako, unafunga, unarudisha. Nikaandika kwenye grupu la fleti kwa herufi kubwa: UKIKUTA KUFULI LIKO WAZI, FUNGA, RUDISHA UFUNGUO MSUMARINI. USIULIZE ULIZE. Walininunia wiki nzima, wakasema nina amri kuliko mwenye nyumba. Isipokuwa Mwalimu Ndosi wa fleti ya chini. Yule ni mwalimu mstaafu, anapenda sheria kama mimi. Alinijibu, "Safi sana, binti. Nidhamu kwanza."

Sasa leo. Jumapili. Jirani yangu wa mlango kwa mlango, Mama Ebeneza, alikuwa na sherehe. Ebeneza anapata kipaimara! Mnajua kipaimara huku kwetu kilivyo. Mbuzi wawili, maturubai, spika kubwa, ndugu kutoka kila kona. Wiki nzima fleti yao ilikuwa inapakwa rangi, krimu nzuri ya kupendeza. Fundi Hamisi wa Sombetini ndiye aliyepaka, kijana mpole, anafanya kazi huku anaimba kwa sauti ya chini. Alimaliza Ijumaa.

Asubuhi saa moja na nusu familia nzima wakaondoka kwenda kanisani. Mama Ebeneza akanigongea.

"Dada Eli, nakuachia nyumba. Keki inakuja saa nne, naomba uipokee. Na uangalie mazingira."

"Nenda kwa amani, mama. Hapa umeweka askari."

Mazingira! Mimi ukiniambia niangalie mazingira umenipa rungu mkononi. Nikafagia ngazi. Nikapanga viti. Nikavaa gauni langu la kitenge nililoshonesha Kwa Mrombo, lina mkia wa samaki, linabana mpaka unatembea kwa hatua za kuku. Halafu nikatupa jicho koridoni.

Ndoo.

Ndoo nyeupe ya rangi, ile ya lita ishirini, imekaa nje ya mlango wa Mama Ebeneza, kwenye kona yenye kivuli. Ina mfuniko. Ina michirizi ya krimu ubavuni. Damu ikanichemka. Yaani wageni wanakuja, mzee wa kanisa anakuja, halafu koridoni kuna ndoo ya rangi! Nikainyanyua. Nzito. Nikasema hii imebaki rangi, imegandia humo ndani, huyu fundi hajui kutupa kitu pahali pake. Na jamaa wa toyo hana shida na ndoo zenye rangi iliyoganda, anajua mwenyewe anavyozibandua.

Nikashuka nayo ngazi, hatua za kuku, kijasho kinanitoka. Nikafungua kizimba, nikaisukuma mpaka kule ndani kabisa, nikaifunika na viroba vya chupa ili pasionekane vibaya. Nikafunga kufuli. Nikarudisha ufunguo msumarini. Nikajipongeza. (Nilijipongeza kwa sauti, jamani. Nilisema, "Eli, wewe ni kichwa.")

Saa tatu hivi Fundi Hamisi akaja kuchukua ngazi yake ya mbao aliyoiacha koridoni. Tukasalimiana, akabeba ngazi, akaondoka zake. Sikumwambia habari ya ndoo. Nilisema leo nisimharibie siku, kesho nitamsema vizuri.

Keki ikaja. Saa saba wakaja wenyewe. Vigelegele mpaka barabarani! Ebeneza kavaa suti, anatembea kama anabeba mayai. Na nyuma yake, ameshikwa mkono, anakuja Koko. Huyo ni bibi yake Ebeneza. Waarusha bibi wanamwita koko. Mama wa miaka mingi, kabibi kembamba, shanga masikioni, meno yamebaki ya kuhesabu. Alikuja jana jioni kutoka huko magharibi ya mlima, mimi nikiwa kazini, kwa hiyo hatukuonana.

Tukaomba. Tukaimba. Wakati wa kupakua chakula ukafika, mara namsikia Mama Ebeneza koridoni.

"Loshoro iko wapi? Jamani, loshoro ya Koko iko wapi?"

Loshoro, kwa wenzangu wa mbali, ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa yakaiva sana, halafu yakachanganywa na maziwa mgando. Chakula cha heshima. Koko ameipika kwa mikono yake, kwa ajili ya mjukuu. Sherehe haianzi kula mpaka Koko amlishe Ebeneza kijiko cha kwanza na kumbariki. Ndivyo alivyowafanyia watoto wake wote, na wajukuu wote waliotangulia. Friji ilikuwa imejaa nyama, kwa hiyo jana usiku wakaiweka loshoro koridoni, kwenye baridi.

Na haipo.

Watu wakaanza kutafuta. Na mimi natafuta! Tena natafuta kwa bidii kuliko wote, nachungulia chini ya meza, nafunua mapazia. Kichwani naona sufuria. Loshoro si inakaa kwenye sufuria?

"Dada Eli," Mama Ebeneza akaniuliza, machozi yanamlengalenga, "wewe ndiye ulikuwepo. Nani amepita hapa asubuhi?"

"Wa keki. Yeye hakupanda, keki niliipokea getini." Nikafikiri. Kisha nikapata! "Na Fundi Hamisi! Alikuja kuchukua ngazi. Hapa hapa koridoni!"

"Fundi?"

"Nimemwona kwa macho yangu! Mafundi ndivyo walivyo, mama, mkono mrefu. Mtu anaingia kufuata ngazi anatoka na chakula!"

Mnanijua nikishapandwa na mori. Sikungoja. Nikatoa simu, nikaandika kwenye grupu la fleti: TAHADHARI. FUNDI HAMISI WA RANGI AMEIBA CHAKULA CHA SHEREHE. ASIINGIZWE TENA GETINI. Nikatuma. Fleti namba tano, ambao walikuwa wameshapatana naye aanze kuwapakia rangi kesho, wakajibu palepale: "Asante kwa taarifa. Tunamwambia asije." Nikaona nimefanya kazi ya maana. Nikaiweka simu kwenye chaji sebuleni kwa Mama Ebeneza na kujipepea.

Ndipo Koko aliponyanyua sauti yake nyembamba.

"Lakini ndoo yangu niliisugua na majivu siku mbili," alisema kwa huzuni. "Ndoo nyeupe ya rangi. Ile mliyonitumia wiki hii fundi alipoimaliza. Krimu ya pembeni tu ndiyo iliyokataa kutoka."

Weee!

Ndoo nyeupe. Krimu pembeni. Yesu wangu. Chakula cha baraka za mtoto wa watu nimekitupa mimi, tena kiko chini ya viroba vya chupa! Na kijana wa watu nimeshamwita mwizi kwa herufi kubwa, na kazi ameshanyang'anywa!

Sasa mtu mwenye akili angesema palepale, "Jamani, nisameheni, iko chini." Sentensi moja. Lakini mimi nikasema hivi: "Ngoja nikaongeze barafu za soda." (Barafu! Arusha, mwezi wa baridi, watu wamevaa masweta.)

Nikapita mlangoni kwangu, nikachomoa ufunguo msumarini, nikashuka. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana kichwani. Naitoa ndoo, naipandisha kimya kimya, naiweka kwenye kona nyingine, halafu napiga kelele, "Hii hapa! Kumbe ilikuwa hapa!" Kila mtu anafurahi, fundi naye namsafisha kwa ujumbe mmoja.

Nikafungua kufuli, nikaliacha linaning'inia kwenye komeo na ufunguo wake. Nikaingia. Viroba vimeporomoka. Nikavuta kimoja, chupa zikamwagika. Nikavuta kingine, mkia wa gauni ukanasa kwenye wavu, nikasikia kitu kinachanika ambacho nimekilipia juzi tu. Nikaifikia ndoo. Mfuniko umekaza vilevile, haujamwagika hata tone. Asante Mungu!

Mara nasikia hatua. Kaa, kaa, kaa. Na fimbo.

Nikavuta mlango wa wavu, nikachuchumaa nyuma ya viroba na ndoo nimeikumbatia. Nikachungulia kwenye upenyo. Mwalimu Ndosi. Ameshika boksi la soda, anakwenda kulitupa pipa la maboksi. Akalitupa. Akageuka. Akaona kufuli.

Akasimama. Akatikisa kichwa kama aliyeona mwanafunzi hajachomekea.

"Kufuli wazi," alisema peke yake. "Unafunga. Unarudisha ufunguo msumarini. Usiulize ulize."

Klik.

Jamani, sauti ya kufuli ukiwa upande wa ndani ni sauti nyingine kabisa. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Nitamwambia nini? Shikamoo mwalimu, mimi niko humu na ndoo iliyoibwa na fundi? Akaenda zake taratibu, na fimbo yake na ufunguo wangu. Nikabaki natazama mgongo wake mpaka akaishia kwenye ngazi.

Simu iko sebuleni kwa watu. Nikatikisa mlango, kizimba chote kikatikisika, lakini kufuli liko palepale. (Ni kufuli zuri sana. Nililichagua mwenyewe.) Nikakaa juu ya kiroba. Nikaomba. Niliomba toyo lije Jumapili.

Badala ya toyo ikaja bodaboda. Ikapiga breki getini, mtu akaruka kabla haijasimama. Fundi Hamisi! Yule mpole asiyejua kupaza sauti! Leo amekuja na kanzu ya nyumbani na kandambili, macho mekundu.

"Nani ameniita mwizi?" alipiga kelele akiwa katikati ya uwanja. "Nani? Atoke aniambie hapa mbele ya watu! Nimepigiwa simu na fleti namba tano, wameninyima kazi! Ujumbe wenyewe wamenitumia, mke wangu ameusoma! Mama mkwe wangu ameusoma!"

Watu wakajaa kwenye varanda. Ghorofa zote. Wageni na sahani zao, kwaya, mzee wa kanisa, Ebeneza na suti yake. Spika wakaizima. Mama Ebeneza akashuka mpaka chini, na Koko nyuma yake ameshikiliwa. Wakasimama hatua tano kutoka kwangu. Mimi ninawaona. Wao wanaona viroba.

"Hamisi, mdogo wangu," Mama Ebeneza alisema, "mimi sina ugomvi na wewe. Rudisha tu ndoo. Hata kama mmeshakula, sema tujue."

"Ndoo gani? Mimi nimebeba ngazi! Muulizeni yule dada, yule wa mapipa, alinifungulia geti mwenyewe!"

"Yeye ndiye aliyekuona."

Fundi akatazama varanda zote, mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyesema neno la kumtetea. Akakaa chini kwenye ngazi, kichwa mikononi. Akasema polepole, "Miaka minane naingia kwenye nyumba za watu. Nikiitwa mwizi, nani atanifungulia mlango tena?"

Jamani, nina midomo, nina amri, nina mengi. Lakini pale moyo uliniuma mpaka nikasahau kuchuchumaa. Nikasimama. Viroba vikaporomoka kila upande. Chupa zikalia kwa fujo, kila mtu akageuka.

"Ndoo iko huku!" nilipiga kelele. "Hajaiba! Niliitupa mimi!"

Niwaambie walichoona. Dada Eli, msimamizi, ndani ya wavu. Gauni limechanika mpaka gotini. Kifuniko cha chupa kimenasa kwenye wigi. Ndoo kifuani. Na juu ya kichwa changu, ubao nilioupaka rangi kwa mkono wangu: HUMU NI PLASTIKI TU.

Mtoto mmoja akauliza, "Mama, na yeye anabebwa Jumatatu?"

Basi. Ghorofa lote likaanguka kicheko! Kwaya walicheka kwa sauti nne. Mzee wa kanisa aligeukia ukuta, mabega yanatetemeka. Na mimi siwezi hata kukimbia!

"Fungueni!" nililia. "Ufunguo uko msumarini!"

Vijana wakataka kupanda mbio. Mwalimu Ndosi akawazuia kwa fimbo. "Ufunguo niliurudisha mimi, kwa mujibu wa maelekezo. Nitauleta mimi." Na magoti yake yale! Akapanda ngazi moja, akapumzika. Akapanda nyingine. Watu wakapata muda wa kutosha wa kunitazama na kupiga picha.

Koko akasogea mpaka kwenye wavu. Akaweka mkono pale, akaniangalia kwa utulivu.

"Takwenya," akanisalimu, maana hatukuwa tumesalimiana.

"Iko, Koko," nikajibu kutoka ndani. Ningefanya nini? Salamu ni salamu.

"Imemwagika?"

"Haijamwagika, Koko. Nisamehe."

"Hujaionja?"

"Sijaionja."

Akafikiri kidogo. "Basi baraka zipo. Zilikuwa zimefungiwa tu." Na yeye akacheka na meno yake ya kuhesabu, akashika wavu asianguke.

Mwalimu akashuka. Klik. Nikatoka na ndoo, nikaiweka miguuni kwa Koko, akamlisha Ebeneza kijiko cha kwanza palepale uwanjani, mbele ya mapipa. Akamwekea mkono kichwani, akasema maneno yake kwa Kimaa, lugha yao, watu wakasema amina. Ikawa tamu kuliko tulivyotarajia wote, ule uchachu umekaa sawasawa.

Mimi nikamfuata Fundi Hamisi pale kwenye ngazi. Nilikuwa nalia, sifichi.

"Kaka, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Nimekusamehe," alisema. Akapokea bakuli lake la loshoro, akaonja kwanza. "Lakini msamaha wa mdomo sitaki. Uliandika. Basi andika. Kwa herufi zilezile, kwenye grupu lenu, na kule kwingine kote unakoandikaga mambo yako. Na ueleze ulikuwa wapi ulipotoa ushahidi."

"Hata habari ya kizimba?"

"Hiyo ndiyo uieleze vizuri."

Basi, nimetimiza. FUNDI HAMISI WA RANGI HAJAIBA CHOCHOTE. NI MWAMINIFU. NDOO NILIITUPA MIMI, NA NIMEPATIKANA NAYO NDANI YA KIZIMBA. Fleti namba tano wameshampigia, anaanza kesho saa mbili. Sebule yangu nayo nimempa aipake, nyote mnaona aibu ilivyo na gharama.

Na ninyi majirani zangu mnaosoma humu kimya kimya: chekeni, lakini mkumbuke kwamba zamu za kuosha pipa la maganda bado napanga mimi.